Maswali ya Wasomaji: Tangi Linapendeza kwa Macho, Mbona Picha Haipendezi?

Safari hii barua karibu zote zimehusu kupiga picha na video za matangi ya matumbawe. Majibu hayalingani urefu. Swali la kwanza tumelikalia zaidi, maana likieleweka vizuri, nusu ya yale mengine yanajijibu yenyewe.

Kila kitu kinatoka buluu

*Wahariri, salaam. Nina tangi la lita 200 lenye miezi 14. Zoa zangu, yale matumbawe madogo mfano wa maua, kwa macho ni za rangi ya chungwa zenye kitovu cha kijani, lakini kwenye simu zinatoka buluu na zambarau, zimevimba kama taa za harusi. Nimebadilisha simu, hali ni ileile. Kosa liko wapi? — Msomaji, Nyali, Mombasa*

Ndugu yetu, pesa ya simu ya tatu iweke. Kosa liko juu ya tangi.

Taa za LED za matumbawe hutoa sehemu kubwa ya nguvu yake kwenye buluu ya nanomita 440 hadi 460 hivi. Kuna sababu mbili nzuri: mwani unaoishi ndani ya matumbawe unaitumia vyema buluu hiyo, na ndiyo inayoamsha zile rangi zinazong'aa. Macho na ubongo huizoea ndani ya dakika chache, ukaona mchanga ni mweupe. Kamera haina huruma hiyo. Juu ya sensa yake, kile kibao kinachopokea mwanga, kuna vichujio vidogo vya rangi vilivyopangwa vinnevinne: viwili vya kijani, kimoja chekundu, kimoja cha buluu. Chini ya taa yako vile vya buluu vinafurika huku vyekundu vikiwa karibu vikavu. Simu inapima wastani, inadhani pana giza, inaongeza mwanga, na buluu inamwagika kabisa. Ndiyo maana zoa zinageuka madoa yasiyo na umbo. Mahali palipofurika hapana habari yoyote iliyobaki, kwa hiyo hakuna programu ya kuhariri itakayorudisha kilichokuwapo.

Halafu kuna mizani ya weupe, ile inayoandikwa WB, ambayo kamera huitumia kuamua nyeupe ni ipi. Hupimwa kwa kelvini (K), kipimo cha joto la rangi. Jua la mchana ni kama 5,500K. Tangi lenye buluu nyingi huwa kati ya 14,000K na 20,000K au zaidi, ilhali kipimo cha kamera na simu nyingi kinaishia 10,000K. Ni sawa na kupima gunia la mahindi kwa mizani ya duka la dhahabu.

Kwa hiyo anza na taa. Kwenye programu ya taa tengeneza mpangilio wa pili, uupe jina "picha". Shusha njia za buluu (njia ni kundi la LED za rangi moja) hadi asilimia 30 au 40, pandisha nyeupe mpaka mchanga uonekane mweupe wenye ubaridi kidogo. Usiangalie asilimia tu, angalia na ukali wa jumla. Matumbawe yaliyozoea nyeupe ya asilimia 10 yakipigwa ghafla na asilimia 100 kutwa nzima yanaweza kupauka. Dakika 15 au 20 za picha hazina shida, ila kuusahau mpangilio huo hadi jioni ni hatari. Kama programu yako inaruhusu, uwekee muda wa kujizima.

Ukitaka kubaki na buluu, weka kichujio cha rangi ya chungwa mbele ya lenzi. Vipo vya kubana kwenye simu, na vipo vya bei ndogo zaidi: karatasi ya plastiki ya rangi ya chungwa wanayotumia watu wa taa za filamu na jukwaa. Kata kipande, kibandike kilale kabisa juu ya lenzi. Tabaka moja zito linakula karibu nusu ya mwanga, mawili yanakula robo tatu, basi tegemea shata (pazia linaloingiza mwanga kwenye kamera) kupungua kasi. Kichujio kikipinda au kikiwa na mikwaruzo, picha itaonekana kama imepigwa kupitia mfuko wa plastiki.

Kwenye simu yenyewe, bonyeza na ushikilie juu ya tumbawe mpaka fokasi na mwanga vifunge, kisha shusha mwanga kidogo, hata kama kioo cha simu kitaonekana cheusi. Picha nyeusi kidogo inainuliwa baadaye; iliyomwagika haizoleki. Tumia lenzi ya 2x na urudi nyuma badala ya kusogeza simu hadi ikajibadilishia lenzi pana yenyewe. Kama simu ina hali ya Pro, hifadhi faili ghafi za RAW. Programu kama Lightroom inaweza kusogeza joto la rangi la faili ghafi hadi 50,000K, jambo lisilowezekana kwa JPEG.

Mwenye kamera yenye mizani ya weupe ya kujipangia achovye kipande cheupe cha bomba la PVC, akiweke pale pale lilipo tumbawe na kwa kina kilekile, apime hapo. Kukipima juu ya maji hakusaidii kitu. Kamera ikikataa kupima, ndiyo inakwambia buluu bado ni nyingi mno.

Mistari inayopanda na kushuka kwenye video

*Shikamooni. Nikipiga picha hali ni nzuri, lakini nikirekodi video ninapata mistari myeusi inayotembea toka juu hadi chini. — Msomaji, Muscat*

Marahaba. Kamera nyingi husoma sensa mstari kwa mstari, si kwa mkupuo mmoja. Taa ikizima na kuwaka wakati kusoma kunaendelea, baadhi ya mistari inapata mwanga na mingine inakosa.

Washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni taa za chumba. Oman, kama Kenya na Tanzania, umeme wake ni wa 50 Hz, na balbu zisizo nzuri hupwita mara 100 kwa sekunde. Weka shata 1/50 au 1/100, au uzizime tu, maana hata hivyo zinaleta taswira kwenye kioo. Wasomaji walioko Marekani, kwenu ni 60 Hz, basi tumieni 1/60 au 1/120.

Wa pili ndiye mgumu: taa ya tangi yenyewe. LED nyingi zikipunguzwa hazishushi mkondo wa umeme, ila huwaka na kuzima haraka mara mamia au maelfu kwa sekunde, na kasi hiyo haina uhusiano na umeme wa ukutani. Fanya jaribio hili. Zima taa za chumba, kisha weka kila njia ya taa ama asilimia 100 ama sifuri. Mistari ikitoweka umempata mwizi. Rekodi katika hali hiyo, na kama mwanga umezidi, zima njia nzima au inua taa sentimita chache badala ya kupunguza asilimia.

Pasipowezekana, punguza kasi ya shata: 1/50 inameza mapwito mengi, 1/1000 inayaanika yote. Ndiyo sababu video ya mwendo wa polepole ya fremu 240 kwa sekunde, chini ya taa ya bei rahisi, ni kujisumbua. Mpangilio wa kawaida wa video ya tangi ni fremu 25, shata 1/50, mizani ya weupe imefungwa, fokasi imefungwa. Ukiiacha WB ijiamulie, kila samaki wa manjano akipita mbele rangi ya tangi zima itayumba.

Lenzi ghali, picha ya ukungu

*Nimenunua lenzi ya makro ya mm 100. Nje ya tangi inakata kama wembe. Ndani ya tangi kila kitu kina ukungu na kingo za zambarau. Tangi ni la kioo cha mm 12. — Msomaji, Upanga, Dar es Salaam*

Lenzi ni nzima, dada au kaka. Inayokuponza ni pembe. Mwanga ukipita kwenye maji na kioo kwa mshazari, kila rangi hupinda kiasi chake, na tumbawe moja linakuwa na kivuli chekundu upande huu na cha buluu upande ule. Kadiri lenzi ilivyo na nguvu ya kukuza ndivyo kosa linavyokuzwa nalo. Uso wa lenzi uwe sambamba na kioo. Namna rahisi ya kuhakikisha ni kutazama taswira ya lenzi yako kwenye kioo kupitia kamera: ikikaa katikati ya fremu, umesimama sawa. Tumbawe lililo chini au pembeni usiliinamie, isogeze kamera yote chini au pembeni. Kwenye matangi yenye kona za kupinda, eneo la mpindo lisahau.

Kisha kioo. Kisafishe usiku wa kuamkia siku ya picha, si dakika tano kabla, kwa sababu unachokwangua kinaelea majini kwa saa kadhaa. Mwani mgumu wa waridi unatoka kwa wembe kama tangi ni la kioo. Kama ni la akriliki tumia kadi ya plastiki tu, la sivyo utabaki na mikwaruzo ya kudumu. Nje, futa chumvi kwa kitambaa chenye maji safi na siki kidogo. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia usizipulize karibu na tangi.

Halafu utulivu wa maji. Kuzima pampu kuna mpangilio wake, na watu wengi hukosea hapa. Tangulia kuzima kifaa kinachojaza maji yasiyo na chumvi kiotomatiki. Ukikiacha kikiwaka, pampu itakaporudi kiwango cha tangi la chini, lile linalopokea maji yanayoteremka, kitashuka kwa muda, nacho kifaa kitamwaga maji hayo bila sababu. Fuata na skima, kile kifaa kinachotoa uchafu kwa povu, maana maji yakipanda chini itafurika. Kisha pampu ya kurudisha maji, ukiangalia kama tangi la chini linaweza kupokea yote yanayoteremka. Mwisho, pampu za mawimbi. Subiri dakika 5 hadi 10 chembe zitue. Weka kengele ya dakika 20 kwenye simu kabla ya kugusa kamera, kwa kuwa madhara makubwa katika shughuli hii hayatoki kwenye flashi wala joto, hutoka kwenye pampu iliyosahauliwa usiku kucha samaki wakakosa hewa. Kuwasha ni kwa kurudi kinyume, na skima ipe dakika chache zaidi maji yatulie.

Sasa hesabu ya fokasi. Kwa kamera ya fremu kamili, ukikuza 1:1, yaani ukubwa halisi, kwa f/8 (f ni kipimo cha tundu la lenzi; namba ikikua tundu hupungua), kina cha eneo lililo kali ni kama milimita 1 tu. Ukikuza nusu ya ukubwa halisi, kwa f/8 ileile, unapata karibu milimita 3. Hivyo rudi nyuma, kisha ukate picha kwenye kompyuta. Hicho ndicho kiasi wanachokosa wengi wanaong'ang'ania 1:1. Kufunga tundu hadi f/22 kutaongeza kina, lakini picha nzima italegea kwa sababu mwanga hutawanyika kwenye tundu dogo. Kati ya f/8 na f/13 ndipo pa kukaa.

Tripodi, fokasi ya mkono huku picha ya kwenye skrini ikiwa imekuzwa mara 10, kipima muda cha sekunde 2, na kitulizaji cha lenzi kizimwe. Zima taa za chumba, vaa nguo nyeusi, au toboa kitambaa cheusi upitishe lenzi ndani yake. Vifungo vyeupe vya shati vinaonekana kwenye kioo kama nyota.

Ukitaka tumbawe zima liwe kali kwa ukaribu huo, piga fremu 10 hadi 20, kila moja ukisogeza fokasi kidogo, uziunganishe kwa programu. Kazi hii inahitaji maji yasiyotikisika hata kidogo, na tumbawe la Euphyllia halifai, mikono yake haitulii.

Samaki hatulii

*Kangaja wangu wa manjano (Zebrasoma) ananitoka kama mkia wa kimondo kila picha. — Msomaji, South C, Nairobi*

Kwa samaki shata isipungue 1/200, na kwa wenye kasi kama huyo 1/320. Fungua lenzi f/4 au f/5.6, ISO, yaani wepesi wa sensa kupokea mwanga, iende 1600 au 3200 bila woga. Chengachenga za ISO zinapunguzwa, samaki aliyeburutika harekebishiki. Pandisha taa kwa muda wa kupiga.

Usimfukuze kwa kamera. Kangaja ana njia yake, anazunguka mwamba uleule kwa mwelekeo uleule. Lenga sehemu moja ya njia hiyo, fokasi ya kufuatilia iwe imewashwa, msubiri aje, piga mfululizo wa fremu 5 au 6. Jicho likiwa kali, mkia ukilegea hakuna atakayelalamika. Dakika chache baada ya kumpa mwani huwa mtulivu, lakini wakati wenyewe wa kulisha usipige, maji yamejaa vipande vya chakula.

Flashi inasaidia sana ikitenganishwa na kamera. Iweke juu ya tangi ikitazama chini, ndani ya mfuko wa plastiki mwepesi usio na rangi, maana tone moja la maji ya chumvi likiingia kwenye mguu wake umeme utaimaliza. Kasi ya shata haitapita 1/200 au 1/250 kwa kamera nyingi, lakini mlipuko wa flashi wenyewe ni mfupi kuliko hapo na ndio unaomgandisha samaki. Kumbuka kwamba flashi ni nyeupe: itaonyesha rangi halisi ya samaki na kuua mng'ao wa matumbawe. Tunatumia flashi kwa samaki, taa ya tangi kwa matumbawe, na hatuchanganyi. Samaki aliyeingia tangini wiki hii mwache kwanza.

Kamera ndogo ndani ya maji

*Naweza kutumbukiza GoPro ndani ya tangi? Na simu isiyoingiza maji je? — Msomaji, Deira, Dubai*

GoPro ndiyo, kwa masharti. Fokasi yake huanzia kama sentimita 30, hivyo tumbawe lililo sentimita 10 mbele yake litakuwa laini siku zote. Iweke upande mmoja wa tangi itazame upande wa pili. Kabla ya kuizamisha isuuze mara kadhaa kwa maji yaliyochujwa, bila sabuni, na mikono yako isiwe na losheni wala mafuta ya kujikinga na jua. Skrubu za chuma zinazoshika kutu zibaki nje. Ikitoka, iloweke kwenye maji yasiyo na chumvi kama dakika 15 kabla ya kufungua mlango wowote, kwani chembe moja ya chumvi kwenye mpira wa kuzibia ndiyo mlango wa maji safari ijayo.

Simu hapana. Alama ya IP68 inatokana na majaribio ya maji yasiyo na chumvi.

Na kwa ninyi wa Ghuba na wa pwani kwa jumla: kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto lenye unyevu, lenzi inapata ukungu papo hapo. Iache ndani ya mfuko wake uliofungwa kwa nusu saa ipate joto taratibu. Kuifuta kila dakika hakusaidii, na kubadilisha lenzi wakati huo ni kualika unyevu ndani.

Kupiga kutoka juu

*Nimeona picha za matumbawe zilizopigwa kutoka juu, maji hayaonekani kabisa. Zinapigwaje? — Msomaji, Tanga*

Kwa sanduku la kutazamia, na unaweza kulitengeneza mwenyewe kwa vitu vya duka la mabomba. Kata bomba la PVC la mm 110, urefu wa sentimita 15, ukate sawa kabisa. Upande ukiinama, kioo kitainama na tatizo la pembe tulilolieleza litarudi. Fundi vioo akukatie kipande cha mraba cha mm 3, sentimita 12 kwa 12, akuulie makali. Usichague akriliki, silikoni haiishiki vizuri. Sugua ukingo wa bomba kwa msasa, paka silikoni ya matangi isiyo na dawa ya kuua kuvu, gandamiza kioo, uache saa 48 mpaka harufu ya siki iishe. Kingo nyeusi za ndani hupunguza taswira, hivyo weka karatasi nyeusi ndani ya bomba.

Zima pampu kwa mpangilio ule ule. Liingize sanduku likiwa limeinama, kisha lisimamishe, ili mapovu yasinaswe chini ya kioo. Utashangaa linavyosukumwa: bomba hilo likizama sentimita 5 linarudishwa juu kwa nguvu ya karibu nusu kilo, na mkono unaolishikilia ndio unaotikisa picha. Lifunge kwa kibano kwenye ukingo wa tangi. Kamera ifunge kamba shingoni kabla ya kuinama.

Picha za juu hupendeza kuliko za mbele kwa sababu matumbawe yameelekeza rangi yake kwenye mwanga. Zoa hasa zinapaswa kupigwa hivi.

Video ya matumbawe yakifunguka

*Nataka video ya haraka ya uyoga wa bahari ukifunguka asubuhi. Nilijaribu, ikatoka inapepesapepesa. — Msomaji, Minneapolis, Marekani*

Hesabu kwanza. Video ya sekunde 10 kwa fremu 30 inahitaji picha 300. Kama kufunguka kunachukua saa 2, yaani sekunde 7,200, gawanya kwa 300: picha moja kila sekunde 24.

Kupepesa kunatokana na kamera kujiamulia. Weka kila kitu kwa mkono: shata, tundu, ISO, WB, fokasi. Hata hivyo taa nyingi zina mapambazuko ya polepole, na hapo picha za mwanzo zitakuwa nyeusi kuliko za mwisho. Kwa siku hiyo iamuru taa iwake moja kwa moja kwa kiwango cha chini kisichobadilika. Shata ya sekunde 1 kwa f/11 na ISO 100 ina faida ya pekee: samaki wanaopita hufutika, hawaachi madoa yanayorukaruka. Pampu usizizime saa mbili. Chagua tumbawe lisiloyumba sana. Tumia adapta ya umeme, na waya wake uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yakitiririka yadondoke sakafuni.

Kwa ukuaji, picha moja kwa wiki inatosha. Weka alama za utepe sakafuni kwa miguu ya tripodi, saa ileile, mpangilio uleule wa taa.

Mng'ao wa usiku

*Nafundisha biolojia. Nataka kuwaonyesha wanafunzi matumbawe yanavyong'aa chini ya buluu, mandhari ikiwa nyeusi. — Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, hapa unahitaji kichujio cha manjano, si cha chungwa. Tumbawe linapokea buluu na kutoa rangi ya wimbi refu zaidi, mara nyingi kijani cha nanomita 500 hadi 520. Kichujio cha manjano kinachozuia kila kilicho chini ya nanomita 500 hivi kinaondoa buluu ya taa na kubakiza kile tu ambacho tumbawe limetoa lenyewe. Cha chungwa kitakula na kijani pia.

Zima njia nyeupe zote, acha buluu ya nanomita 450, chumba kiwe giza. Anza na ISO 800, f/5.6, shata ya nusu sekunde, WB ya 5,500K iliyofungwa. Wekundu hafifu utakaouona mahali pasipo kijani ni klorofili ya mwani.

Cha kuwasimulia darasani: protini ya kijani inayong'aa ilitengwa na Osamu Shimomura kutoka kwa kiwavi wa bahari aina ya Aequorea victoria, akaieleza mwaka 1962. Mwaka 1999 watafiti wa Urusi walichapisha protini za jamii ya matumbawe, ikiwemo nyekundu kutoka Discosoma, uyoga uleule wa bahari unaouzwa madukani kwa bei ya chini. Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walipata Nobeli ya kemia mwaka 2008.

Kununua kwa picha

*Muuzaji ananitumia picha za vipande vya matumbawe vyenye rangi za ajabu. Vikifika ni kahawia. Nitajuaje mapema? — Msomaji, Kilimani, Nairobi*

Usitazame tumbawe, tazama vilivyo jirani nalo. Kipande hukaa juu ya kitako cha kauri ambacho kikiwa kipya ni cheupe. Kitako kikiwa cha buluu, picha haikurekebishwa, na rangi hiyo utaiona tu chini ya taa kama ya muuzaji. Kitako kikiwa cheupe lakini mwani mgumu wa mwambani ukawaka waridi kama lipstiki, mtu amevuta ukolezi wa rangi. Kingo za tumbawe zisizo na mikunjo wala vinyweleo ni buluu iliyomwagika, na chini yake pengine kuna kahawia.

Omba picha mbili za kipande hichohicho, moja chini ya buluu na nyingine chini ya nyeupe, na video ya sekunde 10 isiyohaririwa ambayo ndani yake taa inabadilishwa toka moja hadi nyingine. Muulize pia aina ya taa na asilimia alizoweka. Vilevile kahawia huweza kuja baada ya safari: tumbawe lililosumbuka au lililowekwa kwenye mwanga hafifu huongeza mwani wake, rangi ikafunikwa kwa wiki kadhaa, na hapo muuzaji hana hatia.

Kama kipande kinavuka mpaka, matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Omba nakala ya kibali kabla ya kulipa, na jina la spishi lililo kwenye kibali lilingane na lile lililo kwenye ankara.